Mchango Mkubwa wa Nyamizi

Kitendawili!

Mmeitikia? Haya, natega: nimepewa, nimepokea, mkono bado mtupu.

Fikirini. Msikimbilie kunipa mji, maana siku hizi mtu akikwama kidogo tu anagawa miji kama karanga. Kishikeni kama mnavyoshika kaa la moto, mkono huu kisha ule. Kuna mwanamke alitegewa kitendawili hiki Jumatatu asubuhi, akasema atajibu kesho. Habari yake ndiyo hii.

Ilikuwako nchi, na huenda iko mpaka leo, iitwayo Asantini. Msiniulize iko upande gani. Wenyewe husema imepakana na kila nchi. Asantini hapakuwa na shida yoyote, isipokuwa zile zilizokuwapo, na serikali yake ilikuwa ya shukrani tupu. Mvua ikinyesha, wananchi walipeleka asante wizarani. Isiponyesha, wizara ilipeleka asante kwa wananchi kwa uvumilivu wao. Mtu akifukuzwa kazi alipewa barua ya kumshukuru kwa kukubali kufukuzwa. Magereza yalikuwa na kitabu cha wageni, na kila aliyetoka aliandika maoni mazuri.

Nchi hiyo ilikuwa na chuo kikuu, chuo kikawa na mabweni, na Bweni Namba Nne la wasichana lilikuwa na mlezi aitwaye Sikitu. Kwenye karatasi kazi yake iliitwa Ofisa Msaidizi wa Masuala ya Wanafunzi, Daraja la Tatu B. Wasichana walimwita mama. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mwendo wa taratibu, na funguo kumi na tisa kiunoni, hata wasichana wakawa wanajua yuko wapi kama paka anavyojulikana kwa njuga.

Miongoni mwa wasichana hao alikuwamo Nyamizi wa chumba namba tisa, mtoto wa Usambilo, mbali kweli, siku nzima ya basi na nusu ya miguu. Kila asubuhi alipokuja kurudisha ufunguo, hakuurudisha hivihivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kitendawili!"

"Lete ufunguo, wewe, utachelewa darasa."

"Kitendawili, mama!"

"Haya, tega."

Sikitu alikuwa hodari, lakini zikifika siku za kushindwa alikuwa na mji mmoja tu wa kutoa. "Nakupa Usambilo." Na Nyamizi hufumba macho akasema, "Usambilo nimekwenda. Nimemkuta mama anatwanga. Ameniuliza, mbona umekonda? Nikamwambia, muulize mama Sikitu anayeninyima ukoko." Kisha anatoa jibu, na wote wawili wanacheka, siku inaanza.

Basi, mwaka huo ikaletwa habari ya WATAWA.

Ukisikia Watawa usidhani ni masista. Ni Wakfu wa Taaluma ya Walezi. Ulizinduliwa na Mlezi Mkuu wa Walezi Wote, Mheshimiwa Dakta Kidevu, mtu mwenye sauti nzuri kuliko maneno yake. Aliwakusanya walezi, wapishi, wafagizi na wafuaji wa mabweni yote, akawasimamisha juani ili wajione wako pamoja.

"Ndugu walezi!" akasema. "Mlezi asiyelelewa, atalea nini? Ndiyo maana tumeunda chombo. Na chombo hiki si chombo tu, ni chombo cha vyombo! Kitailea taaluma, taaluma itawalea walezi, walezi watawalea wanafunzi, na wanafunzi, Mungu akipenda, watajilea!"

Makofi. Akataja malengo matatu. La kwanza, kufanya kongamano. La pili, kufanya kongamano la kutathmini lile kongamano. La tatu, mwanafunzi akiugua asaidiwe upesi.

Sikitu hakulisikia la kwanza wala la pili. Lile la tatu lilimwingia moja kwa moja, kwa sababu mwaka uliotangulia msichana mmoja alianguka ngazini akavunjika mguu, na wao wakambeba kwenye mlango wa choo walioung'oa kwa haraka. Mlango ule haujarudishwa mpaka leo. Sikitu akasema moyoni, hiki ndicho chombo nilichokuwa nikikiomba.

Alipoulizwa nani atakuwa Mhamasishaji wa Hiari katika Bweni Namba Nne, yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Akapewa fulana na furushi la fomu. Fomu ya hiari ilikuwa na visanduku viwili vya kuweka alama. Cha kwanza: *Ninatoa kwa furaha.* Cha pili: *Ninatoa kwa furaha kubwa.*

Akaanza na Somoe, mfuaji wa mashuka. Somoe hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Dada Sikitu, mshahara wa mwezi jana tulilipwa kwa barua ya shukrani. Nitatoa nini, barua?"

"Wamesema si fedha tu, hata kitu wanapokea, ndugu yangu. Fikiria watoto hawa. Ukimpa mwenye ghala punje, siku ya njaa atakukumbuka kwa kibaba."

Somoe akatoa ndoo mbili na pasi ya mkaa, akaweka alama kwenye furaha ya kawaida.

Sikitu mwenyewe hakuwa na kitu kizuri bwenini isipokuwa sanduku la dawa, lile jeupe lenye msalaba mwekundu: bandeji, dawa ya homa, chumvi ya kuharisha, na vijitu vingine. Alilipangusa vumbi, akalitoa. Alijisemea kuwa dawa zitakwenda mahali pakubwa, na siku ya haja zitarudi zimekuwa kubwa zaidi. Alikuwa anaamini, wajukuu zangu. Msimcheke. Mtu anayeamini hachekwi, anasubiriwa.

Aliyebaki ni Ngwada, mpishi, mzee wa ndevu zilizoungua upande mmoja. Sikitu alimkuta anasonga ugali wa watu mia mbili.

"Kaka Ngwada, umebaki wewe tu."

"Nimebaki vizuri."

"Nchi nzima inachanga."

"Sikitu, mimi nimeichangia sanamu ya shukrani. Nimechangia rangi ya sanamu. Nimechangia harusi ya mtoto wa Dakta Kidevu mara mbili, na mtoto mwenyewe ni mmoja. Leo unataka nini?"

"Hata huo mkokoteni wako wa kuni ungepokelewa kwa heshima."

Ngwada akaacha mwiko usimame wenyewe katikati ya ugali. "Mkokoteni? Nazo kuni zenu nitazibeba kwenye ndevu? Siutoi. Ila nikuulize swali moja, dada yangu, unijibu hapahapa. Siku mtoto akiugua kweli, amelala hapo kwenye mkeka, hao watawa wako watatuma nini?"

"Watatuma..." Sikitu akaanza.

Hakumaliza. Alijua malengo yote matatu kwa moyo, lakini hakujua wanatuma nini. Wasichana wakaanza kugonga sahani nje, ugali ukataka kuungua, na swali likabaki limening'inia jikoni kama nyama inayokaushwa kwa moshi.

Haukupita mwezi. Jumatatu asubuhi Nyamizi alikuja kurudisha ufunguo, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini?"

"Tumbo tu. Tangu jana. Kitendawili!"

"Acha vitendawili, umekunjamana kama jongoo aliyeguswa."

"Kitendawili, mama."

"Haya, tega."

"Nimepewa, nimepokea, mkono bado mtupu."

Sikitu akafikiri. Alisema maji, ikawa siyo. Alisema jua, ikawa siyo. Nyamizi akatabasamu huku jasho linamtoka juu ya mdomo. "Nipe mji, basi."

"Sikupi. Hiki nitakipata. Njoo kesho."

Kufika saa sita mchana Nyamizi hakuweza kusimama. Sikitu akamlaza kwenye mkeka karibu na jiko, mahali pa joto, akamkanda, akampa maji ya tangawizi, akayatapika. Mkono wake ukaenda wenyewe ukutani kulichukua sanduku la dawa, ukakuta msumari.

Ngwada akasema, "Tumpandishe mkokotenini, twende hospitali."

"Ile njia ina mashimo, kaka, utamtikisa mtoto wa watu mpaka afe. Ngoja niandike barua. Tumechanga, au hatukuchanga?"

Inabidi mjue kwamba gari la wagonjwa halikuwa tena la hospitali. Hospitali nayo ilihamasishwa, ikalichanga kwa WATAWA, kwa furaha kubwa. Aliyetaka gari alitaka barua. Sikitu akakaa, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala upande, kama alivyofundishwa na kama watu wote wa kwao wanavyousema ugonjwa wa tumbo unaosokota:

*Mwanafunzi Nyamizi wa Bweni Namba Nne ana mchango mkubwa. Umemkaa tumboni tangu jana, hali wala hanywi. Tunaomba gari upesi, na dawa.*

Somoe akaikimbiza barua mwenyewe, kanga mkononi.

Sasa, katika ofisi za Asantini ulikuwapo Waraka wa Kuokoa Muda. Ulikataza ofisa yeyote kusoma zaidi ya sentensi ya kwanza ya barua, kwa kuwa ilithibitika kuwa matatizo yote huanzia kwenye sentensi ya pili. Karani akasoma sentensi ya kwanza. Akasimama. Akaisoma kwa sauti.

"Mwanafunzi! Ana mchango! Tena mkubwa!"

Ofisi nzima ikasimama. Walezi walikuwa wamechanga, wapishi wamechanga, hata mlinzi wa lango alichanga filimbi yake, lakini mwanafunzi, katika historia yote ya nchi, hajawahi. Kamati ikaitwa. Dakta Kidevu akafuta machozi ya fahari. Cheti kikaandikwa kwa wino wa dhahabu, kikatiwa kwenye fremu yenye kioo, na barua ya pongezi ikatumwa kwa wazazi huko Usambilo kwa basi la jioni ileile. Kwa mara ya kwanza Asantini, jambo lilifanyika siku lilipoombwa.

Jumanne, saa nne asubuhi, king'ora kikasikika.

Sikitu aliruka. "Nyamizi! Mwanangu, unasikia? Gari hilo!" Nyamizi akafumbua macho. Wasichana wakakimbilia lango, wengine wanalia kwa furaha. Hata Ngwada alivua kofia yake ya upishi akasema, "Leo nimeshindwa, dada. Kumbe wanatuma."

Gari likaingia, taa zinazunguka, milango ya nyuma ikafunguka. Wakashuka maofisa wawili wenye suti, wakaivuta machela taratibu, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakitazama wasijikwae. Juu ya machela, chini ya shuka jeupe, palikuwa na kitu bapa. Wakalifunua shuka.

*CHETI CHA SHUKRANI. Kwa Ndugu Nyamizi, kwa Mchango wake Mkubwa. Asante.*

"Mwenyewe yuko wapi apokee?" akauliza mmoja.

Sikitu akageuka. Akaonyesha mkeka kwa kidole.

"Aa, amepumzika. Vizuri. Wachangiaji wakubwa huchoka."

"Baba, huyu mtoto anaumwa," Sikitu akasema. Akawapigia magoti wanaume aliowazidi umri. "Mchango niliouandika ni wa tumbo. Wa tumbo, baba zangu. Machela mnayo, gari mnalo. Mchukueni."

Maofisa wakatazamana. Walikuwa watu wema, hilo nisiwanyime. Yule mrefu akainama akamwambia kwa upole, "Mama, gari hili kwa sasa limepangiwa kubeba vyeti. Vimebaki saba, na vina vioo. Mgonjwa akitapika humo, nani ataandika upya? Tia sahihi hapa. Halafu sema asante, nijaze fomu."

Sikitu hakusema. Mrefu akaandika kwenye fomu: *Amekosa neno kwa furaha.* Wakaiacha fremu imeegemezwa ukutani, wakaondoka na king'ora chao.

Ngwada hakungoja. Alimwaga kuni zote uani, akatandika magunia, na Somoe akaweka mashuka safi juu yake. Wakampandisha. Ngwada akavuta, Sikitu akasukuma kwa nyuma, Somoe akatembea ubavuni ametanua kanga kumkinga jua. Kila shimo walilopita, Sikitu alilisikia tumboni mwake mwenyewe. Na hakuacha kuwaza kwamba mashimo yale yalikuwapo jana vilevile.

Walipofika kwenye mzunguko wa Sanamu ya Shukrani, Nyamizi akasema kitu. Sikitu akasogeza sikio.

"Mama, umekipata?"

"Kesho, mwanangu. Nyamaza, tunafika."

"Basi nipe mji."

Ulimi wa Sikitu ulikuwa tayari na Usambilo. Akaurudisha. Alijua desturi: ukishatoa mji, mtegaji anakwenda zake, na mchezo umekwisha.

"Sikupi," akasema. "Sikupi mji, Nyamizi. Kesho nitajibu. Unasikia? Kesho."

Nyamizi hakujibu tena. Ngwada alihisi uzito umebadilika, akasimama, mikono bado kwenye mipini, hakugeuka. Msafara wa kiongozi fulani ukawapita, watu wakaipungia sanamu.

Daktari aliwaambia utumbo ulijisokota. "Mngemleta jana," akaanza, kisha akamtazama Sikitu usoni, akayaacha yaliyobaki.

Barua ya pongezi ilifika Usambilo siku mbili kabla ya jeneza. Mama yake Nyamizi alikuwa amekwisha kuibandika ukutani.

Baada ya mazishi Sikitu alikwenda ofisini kwa Dakta Kidevu kusahihisha. Alikuta kabati la kioo mlangoni, na ndani yake, juu ya kitambaa cha bluu, sanduku jeupe lenye msalaba mwekundu, limewekewa kibao: *Mchango wa Bweni Namba Nne.* Bandeji zilikuwa bado zimefungwa.

"Mheshimiwa, kumetokea kosa. Yule mtoto hakuchanga. Alikuwa na mchango."

"Ndivyo tulivyoandika."

"Wa tumboni, mheshimiwa."

Dakta Kidevu akaguswa. Akaweka mkono kifuani. "Mama, nimefanya kazi hii miaka thelathini. Hakuna mchango unaonipendeza kama ule utokao ndani kabisa."

"Amekufa."

"Tumepata taarifa. Ndiyo maana tumempandisha cheo. Siku ya Kutambuana atatangazwa Mchangiaji Bora, na wewe utampokelea. Kitu kikishatiwa kwenye fremu, mama, hakiwezi kuwa kosa."

Siku ya Kutambuana ikafika. Ukumbi ulijaa, mapazia mapya. Pembeni ya jukwaa alikaa karani wa kuhesabu asante, daftari wazi, penseli imechongwa. Sheria ilitaka kila anayepokea aitamke kwenye kipaza sauti, ili idadi ya mwaka itimie, na walikuwa wamepungukiwa moja.

"Mchangiaji Bora," akatangaza Dakta Kidevu, "ambaye hakuweza kufika kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake!"

Sikitu akapanda. Fulana ya uhamasishaji hakuivaa. Akapokea ngao kubwa kuliko cheti, akaiweka chini, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Karani akainua penseli.

"Kitendawili!" akasema Sikitu.

Ukumbi ukashtuka. Kisha kutoka nyuma kabisa, walikosimama wasichana wa Bweni Namba Nne pamoja na Ngwada na Somoe, ikaja sauti moja: "Tega!"

"Nimepewa, nimepokea, mkono bado mtupu."

Dakta Kidevu alifurahi mno. Alipenda kuonekana na mila za wananchi. "Utamaduni wetu huo! Upepo!"

"Siyo, mheshimiwa."

"Kivuli!"

"Siyo."

"Bajeti," mtu akanong'ona safu ya tatu, na jina lake likaandikwa.

"Umeshindwa, mheshimiwa. Nipe mji."

"Nakupa Asantini!" akanguruma Dakta Kidevu, akatanua mikono. "Yote, na vitongoji vyake!"

Makofi yakapigwa. Sikitu akangoja yaishe. Akafumba macho, kama Nyamizi alivyozoea kufumba.

"Asantini nimekwenda," akasema. "Nimekaa huko miaka hamsini na moja. Nimewakuta watu wake ni wema. Nimewapa sanduku la dawa, nikalipangusa vumbi kwanza. Nikamwambia mwenzangu atoe ndoo zake na pasi yake, akatoa. Mwenzangu mwingine akaniuliza, mtoto akiugua watatuma nini. Sikumjibu. Mtoto akaugua. Nikaandika barua kwa mkono wangu huu, nikangoja gari, na mkokoteni upo. Gari likaja. Mtoto akaniuliza, mama, umekipata? Nikamwambia kesho."

Ngwada alikuwa amevua kofia. Sikitu akafumbua macho, akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja wazi, watu wote wakakiona.

"Nyamizi, mwanangu, kesho imefika. Jibu ni asante."